Bibi ninayemtunza ananiambia mambo ambayo binti yake hayajui

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Kwetu ni Moshi, ila kwa sasa niko London nafanya kazi ya kutunza wazee. Wenzangu wanasema sote tunabeba boksi tu. Boksi haliongei usiku, lakini huyu wangu anaongea, na ndiyo maana nakuandikia.

Nakaa nyumbani kwa mteja siku tano, kisha mwenzangu anapokea zamu. Mteja ni mama wa Kiyahudi mwenye miaka 95. Namwita Bibi, na jina hilo amelipenda. Mumewe alishafariki. Ana binti mmoja, mtu mzima aliyestaafu, ambaye huja karibu kila jioni, na mjukuu mmoja wa kiume anayefanya kazi mji mwingine.

Bibi alizaliwa Łódź, Poland. Vita vilianza akiwa na miaka tisa. Wajerumani waliifungia familia kwenye geto, yaani mtaa wa Wayahudi uliozungushiwa uzio, baba yake akafa humo kwa njaa. Mwaka 1944 yeye na mama yake walipakiwa kwenye mabehewa hadi Auschwitz, kambi ya Wanazi ya kuulia Wayahudi. Alikuwa na miaka 14. Mfungwa mmoja aliyekuwa akishusha mizigo alimnong'oneza aseme ana 17, maana watoto waliuawa mara tu wakifika; akasema hivyo, akapona. Baadaye walipelekwa Hamburg kuzoa vifusi na kujenga vibanda, na mwisho kambi ya Bergen-Belsen, ambako mama yake alikufa wiki ya pili baada ya askari wa Uingereza kufika. Bibi akaja Uingereza yatima wa miaka 15, akajifunza kushona, akaolewa. Hayo binti anayajua kwa sababu yako kwenye kurasa mbili alizoandika Bibi alipoomba fidia. Zaidi ya hapo hawajawahi kukaa wakazungumza. Siku ya kwanza binti aliniambia, "Mama haongelei mambo hayo, na sisi hatumuulizi."

Mchana Bibi yuko sawa. Anasoma gazeti, ananitania kwa Kiingereza changu. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa namenya viazi, akaninyang'anya kisu akanionyesha yeye: ganda lilitoka jembamba hadi ukiliinua dirishani mwanga unapita. Kisha akayakusanya niliyokwisha kuyatupa, akayaosha, akayaweka kwenye bakuli ndani ya friji. Hakusema neno.

Usiku ni habari nyingine. Daktari amesema ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau. Anaamka saa nane au tisa, anachanganya Kiingereza na Kipoland, wakati mwingine Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, anaita jina la mtoto. Usiku mmoja alinishika mkono akanieleza kwa Kiingereza kilichonyooka, akili ikiwa pale pale. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, wa miaka sita. Septemba 1942 walikuja kuchukua watoto. Mama yao alimficha chini ya matandiko, wao wakateremka uani kupanga mstari. Mtoto akasikia kimya ndani, akaogopa, akatoka mwenyewe. Akamkimbilia dada yake akimwita kwa jina. Na Bibi, kwa maneno yake, "nikatazama chini kama simjui." Wakamchukua.

Akaniambia nisimwambie binti yake. Binti anaamini mama yake alizaliwa peke yake.

Sasa Shangazi, wiki iliyopita binti alilala pale akamsikia. Asubuhi akaniuliza, "Mama humwita nani usiku?" Kabla sijafungua mdomo akajijibu kwamba lazima ni mjukuu, maana jina ni lile lile, ila linafupishwa kwa Kipoland. Akaongeza kwamba jina la mjukuu lilichaguliwa na Bibi, na alilishikilia mpaka wakagombana. Nikaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo sina raha. Nimwambie au nisimwambie?

Kuna na mengine. Hataki kabisa kuoga kwa bomba la mvua, analia. Anaficha mkate kwenye foronya mpaka unaota ukungu. Na watu wangu wa karibu kila mmoja ana lake: mwenzangu wa kanisani anasema nimsaidie asamehe na ampokee Yesu kabla hajafa, mwingine anasema nimrekodi kwa simu niweke mtandaoni, dunia isikie, na kijana tunayepanga naye anasema hadithi hizo zimetiwa chumvi, na kwamba nikitaka kulia niwalilie wa Gaza.

Naomba unishauri.

Mtunzaji, London


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku huo.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Umebebeshwa mambo mawili, nawe umeyafunga kitambaa kimoja. La kwanza ni kwamba kulikuwa na mtoto, ana jina, ana umri, ni mjomba wa huyo binti. La pili ni kilichotokea uani. Yatenganishe. Mtoto ni wa familia. Ya uani ni ya Bibi peke yake, hata kwako umeazimwa tu.

Kabla ya kukwambia ufanye nini, nataka uielewe hiyo Septemba, kwa sababu nahisi ndani ya barua yako kuna kaswali hujathubutu kukauliza: hivi dada anawezaje kutazama chini?

Geto la Łódź lilifungwa mwisho wa Aprili 1940, watu zaidi ya 160,000 wakabanwa kwenye mitaa mibovu kuliko yote mjini. Walishonea jeshi la Ujerumani sare, na malipo yake yalikuwa mkate kidogo na supu ya maji. Zaidi ya watu 43,000 walikufa humo humo kwa njaa na maradhi, baba yake Bibi akiwa mmoja wao. Maganda ya viazi yalikuwa chakula cha kutafutwa, kwa hiyo lile bakuli kwenye friji liache lilipo.

Tarehe 4 Septemba 1942 mkuu wa baraza la Wayahudi aliyewekwa na Wajerumani, Chaim Rumkowski, alisimama mbele ya umati akawaomba akina baba na akina mama watoe watoto wao. Wajerumani walikuwa wanadai watoto wa chini ya miaka kumi, wazee wa zaidi ya 65 na wagonjwa, naye aliamini kwamba wakitolewa hao, wafanyakazi wangebaki hai. Tangu tarehe 5 hadi 12 watu walikatazwa kutoka nje. Polisi wa geto walianza kupita nyumba kwa nyumba, huku watoto wao wenyewe na wa wazima moto wakiwa wamesamehewa. Kazi ilipokwenda polepole Wajerumani wakaingia wenyewe. Jengo lilizungukwa, ikapigwa risasi hewani, wote wateremke uani wajipange. Aliyenyooshewa kidole alichukuliwa. Mama aliyeng'ang'ania mtoto alipakiwa naye, au alipigwa risasi hapo hapo. Kwa wiki ile moja walichukuliwa watu zaidi ya 15,000, wakapelekwa Chełmno, kijiji kilicho kama kilomita 70 kutoka hapo, wakauawa kwa moshi wa injini ulioelekezwa ndani ya malori yaliyofungwa.

Bibi alikuwa na miaka 12, amezidi kikomo kwa miaka miwili tu, na mwili wa mtoto aliyeshinda njaa miaka miwili na nusu. Hebu fikiria angemkumbatia yule mdogo wake. Mtoto angechukuliwa vile vile, na pengine yeye pia, na mama yake angerudi chumbani peke yake. Mimi nayasema haya kwako. Yeye usimwambie, kwa maana amekwisha kujiambia kwa miaka zaidi ya themanini na hayajamtosha. Akikusimulia tena usiku, usikimbilie kumwondolea hatia. Usiseme "haikuwa kosa lako" halafu ukamfunika shuka. Mwulize kuhusu mtoto. Alipenda nini? Nani alimlaza? Alikuwa anajua kuhesabu? Inaelekea hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Bibi kuhusu mdogo wake akiwa hai. Mtoto amebaki siku zote pale uani.

Utaniuliza kwa nini alimficha hata binti yake. Ujue Uingereza aliyofikia haikutaka kusikia. Serikali ilikuwa imekubali kupokea mayatima 1,000 wa chini ya miaka 16 waliotoka kambini. Walitafutwa, wakapatikana 732 tu waliofika, wengi wavulana. Msichana wa miaka 15 wa Łódź alikuwa kitu adimu, na bado aliambiwa ajifunze lugha, ajifunze kazi, asahau. Kitty Hart-Moxon, aliyetoka Auschwitz yeye na mama yake, amesimulia mara nyingi jinsi jamaa aliyewapokea bandarini Dover mwaka 1946 alivyowaonya wasithubutu kuyaongelea nyumbani kwake. Anita Lasker-Wallfisch, aliyenusurika kwa kupiga selo katika bendi ya wanawake ya Auschwitz, hakuwasimulia wanawe walipokuwa wadogo; ilipita miaka mingi ndipo akawaandikia. Na mwaka 2018, akiwa mkongwe wa miaka 92, alisimama akahutubia Bunge la Ujerumani. Wengine hawakufika hatua hiyo. Akina mama wengi waliona kwamba kumwambia mtoto ni kumpa sumu kwenye uji, wakanyamaza, na watoto wakajifunza kutouliza. Kwa hiyo ukimya wa nyumba hiyo una wenyewe wawili. Binti ameusaidia kuujenga, bila ubaya wowote.

Haya, sasa ufanye nini.

Chagua asubuhi nzuri, akili yake ikiwa imetulia, mkiwa wawili. Mwambie Bibi waziwazi kwamba binti alimsikia akiita usiku na anadhani anamwita mjukuu. Kisha nyamaza. Usimshauri kitu kwa dakika hiyo. Anaweza kukasirika, anaweza kusema "muache adhani hivyo," na akisema hivyo umepata jibu lako kwa siku ile. Lakini zingatia kwamba ni yeye aliyeligombania lile jina. Wayahudi wa Ulaya Mashariki huwapa watoto majina ya ndugu waliofariki. Hawawapi ya walio hai. Mwanamke ambaye hakutaka kabisa mdogo wake ajulikane asingemrudisha mezani kwake, aitwe kila siku ya sikukuu, kwa miaka yote hiyo. Nadhani amekuwa akisubiri mtu aulize. Naweza kuwa nasoma zaidi ya kilichoandikwa, ila sidhani.

Akikubali, kazi ya kusema si yako. Wewe mwambie binti maneno machache: "Mama ana jambo la kukwambia kuhusu lile jina. Muulize mchana, msiwe na haraka." Uwape chai, utoke.

Asipokubali, na binti akakuuliza tena, usidanganye na usifichue. Sema, "Hilo muulize mwenyewe, nadhani atakujibu." Kuitikia kwa kichwa kusirudiwe, maana siku akijua ukweli atakumbuka kwamba ulijua, na hapo utapoteza imani yake wakati Bibi anaihitaji zaidi.

Na kama ugonjwa utatangulia, yaani ikafika siku Bibi hawezi tena kuamua la kusema na la kuficha? Hapa najua wapo watakaonipinga. Mimi nasema binti aambiwe kwamba mama yake alikuwa na mdogo wake, jina lake hili, miaka sita, akachukuliwa Septemba 1942. Basi. Ya mstari wa uani unakwenda nayo wewe. Ahadi uliyoitoa usiku kwa mzee aliyeamka na hofu ina uzito, lakini haiwezi kuwa na uzito wa kumfuta mtoto ambaye Wanazi walitaka afutike.

Tena mtoto huyo hajafutika kama mnavyodhani. Ofisi za geto la Łódź ziliandika kila kitu: jina, tarehe ya kuzaliwa, mtaa na chumba, tarehe ya kuondolewa. Sehemu kubwa ya madaftari hayo ilinusurika, iko kwenye hifadhi ya nyaraka ya serikali mjini Łódź, na orodha ya wakazi wa geto ilichapishwa mwaka 1994 na Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu iliyoko Jerusalem, pamoja na umoja wa watu waliotoka Łódź. Hifadhi ya Arolsen huko Ujerumani nayo ina mamilioni ya karatasi za kambi, na nyingi zinatafutika bure kwa jina kwenye intaneti. Yad Vashem wana pia kitu wanachokiita ukurasa wa ushahidi: karatasi moja kwa mtu mmoja aliyeuawa, hujazwa na ndugu au aliyemfahamu, majina ya wazazi, mahali, na picha kama ipo. Wamekusanya majina yapatayo milioni tano ya Wayahudi milioni sita waliouawa. Binti anaweza kuujaza kwa ajili ya mjomba wake. Bibi anaweza kuutia saini, akipenda. Kwa desturi yao mtu huwashiwa mshumaa siku ya kumbukumbu ya kifo chake, na kwa hiyo wiki ya Septemba tarehe inajulikana, jambo ambalo familia nyingi hazina.

Hayo yamekwisha. Tuje kwenye bafu.

Achana na bomba la mvua. Hata usimbembeleze. Auschwitz watu waliambiwa wanakwenda kuoga, kumbe wanaingizwa kwenye vyumba vya gesi ya kuulia. Waliobaki hai nao walivuliwa nguo zote, wakanyolewa, wakasimamishwa chini ya mabomba mbele ya askari. Wewe ni mtu wa Moshi, unajua kuoga kwa beseni na kopo. Chumba kiwe na joto, mlango uwe wazi, taulo limfunike sehemu usiyoiosha, na kila unachotaka kukifanya ukiseme kabla mkono haujafika. Mpe kopo alishike yeye. Waambie ofisi yako waandike hivyo kwenye mpango wake wa huduma ili mwenzako wa zamu nyingine asije kumlazimisha siku usipokuwepo.

Viatu vyake vikae pale anapoviona akiwa kitandani. Kambini aliyeibiwa viatu hakufika mbali. Usimwamshe kwa kuwasha taa kubwa na kumwita kwa sauti, kwa sababu huko ndivyo walivyoamshwa kwenda kuhesabiwa, saa nyingi kwenye baridi. Akihitaji kwenda hospitali, nenda naye, uwaambie wauguzi mapema yeye ni nani, kabla mtu wa koti jeupe hajamwambia avue nguo na kabla hajafungwa utepe wenye namba mkononi, kwa maana kambini wafungwa waligeuzwa namba.

Mkate, mpe kopo la bati lenye kifuniko, liwe lake, kando ya kitanda. Kila jioni weka mkate mpya mbele ya macho yake, na ule wa jana uutoe kimya wakati anapiga mswaki. Lengo si aache kuficha. Lengo asiugue kwa ukungu. Na usimsukumie chakula kingi kwa mkupuo, hata kama umemwona amekonda. Bergen-Belsen, Waingereza walipoingia tarehe 15 Aprili 1945 walikuta watu kama 60,000 na maelfu ya maiti hazijazikwa. Waligawa walichokuwa nacho, vyakula vya kopo vyenye mafuta, na miili iliyokauka kwa njaa haikuvihimili. Watu zaidi ya 13,000 walikufa baada ya kukombolewa, wengine kwa tifasi, ile homa ya chawa, wengine kwa hicho chakula cha wema. Mama yake Bibi alikufa katika wiki hizo. Huenda mzee anayesukuma sahani mbali anakumbuka kitu ambacho wewe hukioni.

Kuhusu hao watu wako wa karibu.

Dada wa kanisani anakutakia heri, lakini mwambie hapana. Umeajiriwa kumtunza mzee ndani ya nyumba yake, na dini yake ni sehemu ya nyumba hiyo. Halafu hilo la kusamehe: kwa mafundisho ya Kiyahudi, kosa alilofanyiwa mtu husamehewa na aliyefanyiwa. Mwenye kudai ile Septemba ni mtoto wa miaka sita, na hayupo. Hakuna anayeweza kusamehe kwa niaba yake, si Bibi, wala si wewe, wala si mchungaji. Na usisahau kwamba waliomfanyia hayo walikuwa wamebatizwa, wengi wao, na mahubiri ya karne nyingi dhidi ya Wayahudi yaliwaandalia njia. Kwa hiyo wimbo mzuri unaoimba jikoni unaweza kumfikia yeye kwa sauti nyingine. Kama unataka kusali, sali chumbani kwako.

Wa simu naye, hapana, tena kwa herufi kubwa. Video ya mgonjwa wa kusahau akilia saa tisa usiku ni kosa kwa sheria za kazi yako, na hata kama sheria isingekuwepo ni aibu. Ushahidi wa hiari ni jambo lingine. Upo utaratibu wake, na watu waliofunzwa kusikiliza: taasisi iliyoanzishwa na Steven Spielberg mwaka 1994 ina zaidi ya mahojiano 50,000 ya video, yakiwemo ya Wanyarwanda walionusurika mauaji ya kimbari. Bibi alikuwa na nafasi miaka thelathini kufanya hivyo na hakufanya. Heshimu hilo. Kama wewe mwenyewe unataka kuelewa zaidi, siku ya mapumziko panda treni uende kwenye kituo cha kumbukumbu kilichoko Laxton, Nottinghamshire. Kilifunguliwa mwaka 1995, na ndugu wawili wa familia iliyokianzisha ndio waliosaidia baadaye kujenga ile kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, Kigali, iliyofunguliwa 2004. Waswahili wengi wamefika Gisozi bila kujua ina undugu na shamba la Uingereza.

Kijana wa chumvi mjibu kwa daftari. Walioandika majina, tarehe na idadi ya waliopakiwa ni watawala wenyewe na ofisi walizozisimamia. Łódź ilikuwa na Wayahudi wapatao 230,000 kabla ya vita. Jeshi la Kisovieti lilipoingia Januari 1945 lilikuta 877 ndani ya geto. Chumvi iko wapi hapo? Na Gaza ana haki ya kuililia, watu wanakufa na hoja hiyo ina mahali pake. Mahali hapo si kitandani kwa mwanamke aliyenyang'anywa mdogo wake mwaka 1942. Mtu anaweza kuomboleza wawili, na anayekwambia uchague mmoja mwulize anapata faida gani.

Mwisho ni wewe, ambaye barua nzima umejitaja mistari mitatu. Siku tano mfululizo, kila usiku kuamshwa saa nane na kusikia habari za watoto kuchukuliwa, huku wa kwako wawili wakiwa mbali. Umewahi kumwambia msimamizi wako kwamba hulali? Mwambie, kwa maandishi, na uombe mtunzaji wa usiku. Halafu mshauri binti awapigie Association of Jewish Refugees, chama kilichoanzishwa na wakimbizi wenyewe mwaka 1941. Wana maofisa wa ustawi wa jamii wanaowajua wazee wa aina hii, na husaidia kupata fedha za huduma ya nyumbani zinazotolewa kwa ajili ya walionusurika, kwa hiyo saa za ziada za usiku huenda zisitoke mfukoni mwa familia. Simu hiyo ipigwe wiki hii. Mazungumzo ya lile jina yanaweza kusubiri asubuhi ambayo nyote wawili mmelala.